HafenCity ya Hamburg: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bandari iliyogeuzwa mtaa

Kila inapozuka habari ya kuhamisha bandari ya zamani au kuvunja maghala yaliyokaa bure katikati ya mji, kuna mtu atataja Hamburg. Mara nyingi anayeitaja ameona picha ya ule ukumbi wa muziki wenye paa la mawimbi, basi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi tena na tena. Majibu mengine ni marefu, mengine mistari miwili, kwa kuwa si kila swali lina mengi ndani yake.

HafenCity ni nini na iko wapi?

Ni mtaa wa jiji la Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, uliojengwa juu ya bandari ya zamani kando ya mto Elbe. Eneo lote lina hekta 157, ukihesabu nchi kavu pamoja na mabwawa ya bandari. Kutoka jengo la halmashauri ya jiji unafika kwa miguu kabla hujaanza kutoka jasho. Ujenzi ukikamilika, katikati ya jiji patakuwa pameongezeka kwa takriban asilimia 40. Mpango unahesabu wakazi wapatao 15,000 na ajira kufikia 45,000, ofisi, maduka na shule vikiwa mlango kwa mlango na nyumba za watu. Tangu 2008 ni mtaa rasmi wenye mipaka yake.

Kwa nini bandari iliondoka pale?

Kwa sababu ya kontena. Bwawa la Sandtorhafen lilipofunguliwa mwaka 1866 lilikuwa mtambo wa kisasa kuliko yote mjini: meli inafunga gatini, kreni inashusha mzigo, na mzigo unaingia moja kwa moja kwenye behewa la reli. Kabla ya hapo meli zilitia nanga mtoni na shehena ikaletwa pwani kwa mashua ndogo. Kwa miaka mia moja mtindo huo wa gati nyembamba, ghala nyuma yake na makuli mamia kwa mamia uliulisha mji.

Mwaka 1968 meli ya kwanza iliyobeba kontena peke yake, bila mzigo wa kawaida, American Lancer, ilifika Hamburg, na haikwenda Sandtorhafen. Ilikwenda Burchardkai, ng'ambo ya mto. Kontena halihitaji ghala. Linahitaji uwanja mpana wa lami wa kulipanga, maji yenye kina na gati refu. Mabwawa ya zamani yalikuwa mafupi, membamba na hayana kina, na nyuma yake mji ulikuwa umeshabana. Kazi ikahama kidogo kidogo hadi yakabaki maghala ya mitumba ya mashine, mazulia na kahawa, na viwanja vya kuegeshea malori.

Kwa hiyo Hamburg haina bandari tena?

Inayo, na ni ya tatu kwa ukubwa Ulaya baada ya Rotterdam na Antwerp. Ilihamia kusini mwa mto. Ukisimama ukingoni mwa HafenCity unaziona kreni zake.

Ila kuhama huko nako kulimgharimu mtu. Kituo kipya cha kontena cha Altenwerder, kilichofunguliwa mwaka 2002, kimekaa mahali palipokuwa kijiji cha wavuvi. Wanakijiji walihamishwa, nyumba zikavunjwa, likabaki kanisa la St. Gertrud peke yake. Na sehemu ya hesabu ya mwanzo ya HafenCity ilikuwa hiyohiyo: fedha za kuuza viwanja vya bandari ya zamani zisaidie kulipia kituo kipya. Wanaosifu mradi huu kwamba haukumwondoa mtu nyumbani kwake wanahesabu upande mmoja wa mto.

Ardhi ilikuwa ya nani?

Swali hili huulizwa na wachache, na ndilo ningependa liulizwe kwanza. Karibu ardhi yote ilikuwa mali ya jiji. Kampuni zilizofanya kazi pale zilikuwa na mikataba ya upangaji na zilimiliki majengo yaliyo juu, lakini si udongo.

Kuanzia 1991 hivi uongozi wa jiji ulianza kuwalipa wapangaji hao waondoke, mmoja baada ya mwingine, kwa kutumia kampuni ya bandari ambayo nayo ni ya jiji, HHLA. Haya yalifanyika kimya kimya. Msanifu Volkwin Marg aliagizwa kuchora wazo la kwanza, naye pia kimya kimya. Wananchi waliusikia mradi tarehe 7 Mei 1997, siku Meya Henning Voscherau alipoutangaza hadharani, na kufikia hapo sehemu kubwa ya majengo ilikuwa tayari mikononi mwa jiji.

Sababu ya usiri inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kununua shamba pembeni ya barabara inayosemekana itawekwa lami. Neno likivuja, bei inapaa usiku huohuo, na serikali inaishia kununua kwa bei ambayo yenyewe ndiyo imeipandisha. Hamburg iliepa mtego huo. Lakini siri ilikuwa na upande wake mbaya: wawakilishi wa wananchi waliukuta uamuzi mkubwa kabisa wa mji wao umeshaiva jikoni, wao wanaletewa sahani.

Baada ya tangazo, ardhi yote ikawekwa kwenye mfuko maalumu wa jiji, na kampuni ya umma ikaundwa kuusimamia. Leo inaitwa HafenCity Hamburg GmbH. Inauza viwanja, na fedha zinazopatikana zinajenga barabara, madaraja, bustani na kingo za maji. Shule na reli zimelipwa kwa njia nyingine.

Mwekezaji anapataje kiwanja?

Hapa ndipo panapofaa kukaa kidogo, maana utaratibu wenyewe ni wa kawaida sana kuuona na wa ajabu kuufuata.

Kampuni inayotaka kujenga haipewi hati siku ya kwanza. Inapewa haki ya kushikiliwa kiwanja kwa kipindi kinachokaribia mwaka mmoja au mwaka na nusu. Ndani ya muda huo inatakiwa kuendesha shindano la wasanifu kwa kushirikiana na jiji, kuchora michoro kamili, kupima udongo na kupata kibali cha ujenzi. Ikishindwa, au ikiletea jiji kitu tofauti na ilichoahidi, kiwanja kinarudi. Hati na malipo ya bei yenyewe huja mwishoni, wakati kila kitu kiko tayari na kilichobaki ni kuchimba msingi.

Kwa viwanja vya nyumba kuna zabuni, lakini mwenye fedha nyingi si lazima ashinde. Wazo linabeba uzito mkubwa kuliko bei: nani ataishi humo, ghorofa ya chini itatumikaje, jengo litakula umeme kiasi gani. Ghorofa za chini zinazotazama barabara zinatengewa maduka, migahawa au shughuli za umma, na ndiyo maana dari zake ni ndefu.

Faida ya utaratibu huu kwa jiji ni dhahiri. Mlanguzi wa viwanja, yule anayenunua leo, anazungushia ukuta na kungoja bei ipande ili auze keshokutwa, hana pa kuingilia. Kwa mwekezaji pia kuna nafuu: hafungi mtaji wake kwenye ardhi wakati michoro bado inajadiliwa.

Nani alichora mpango?

Mpango kabambe wa kwanza, ulioidhinishwa mwaka 2000, ulitokana na shindano la kimataifa ambalo mshindi alikuwa timu ya Mholanzi Kees Christiaanse na ofisi ya ASTOC ya Köln. Sehemu yake ya mashariki ilirekebishwa mwaka 2010. Mpango uliacha mabwawa ya maji yalivyo, haukuyafukia, ukagawa eneo katika vitongoji kumi vinavyojengwa kwa zamu kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakazi wa kwanza waliingia mwaka 2005 wakati upande wa pili ni vifusi na malori.

Mafuriko je? Mbona mtaa uko nje ya tuta?

Ni kweli, uko nje ya tuta kuu linaloulinda mji. Hamburg iko kilomita zaidi ya mia kutoka baharini, lakini maji ya Elbe yanakupwa na kujaa kila siku, tofauti ikizidi mita tatu na nusu. Mtu wa pwani hashangai hapo. Kinachotisha ni upepo wa kaskazini-magharibi unaposukuma bahari iingie mtoni wakati maji tayari yamejaa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962 matuta yalipasuka na watu 315 wakafa Hamburg. Mwaka 1976 maji yalipanda juu zaidi, mita 6.45 juu ya usawa wa bahari, ila matuta mapya yalihimili. Desemba 2013, dhoruba iliyopewa jina Xaver iliyafikisha mita 6.09.

Kuzungushia eneo lote tuta kungechukua miaka mingi na fedha nyingi kabla nyumba ya kwanza haijasimama, tena kungewaziba watu wasiyaone maji ambayo ndiyo yaliyowavuta. Wakachagua njia ya zamani ya wakulima wa pwani ile: kuinua nyumba. Kila jengo limekaa juu ya jukwaa lake lenye kimo cha mita 8 hadi 9 juu ya usawa wa bahari. Barabara nazo zimeinuliwa. Ndani ya jukwaa, chini ya nyumba, ndimo yalimo maegesho ya magari.

Kingo za kutembelea ziliachwa chini, mita 4 hadi 5 na nusu, na hizo zinaruhusiwa kufunikwa na maji. Ukipita hapo siku ya kawaida utaona mgahawa wenye vioo, na pembeni ya vioo mlango mzito wa chuma uliokunjwa ukutani. Huo ndio mlango wa mafuriko. Onyo likitolewa, magari yanaondolewa, milango inafungwa na kukazwa, na wakazi wanaendelea kutoka na kuingia kwa mlango wa juu, upande wa barabarani. Maji yakishuka, watu wanafagia tope. Kuna pia madaraja, kama lile la Kibbelsteg, yaliyojengwa juu kiasi cha kupitisha magari ya zimamoto na ya wagonjwa wakati mtaa umezungukwa na maji.

Ubora mkubwa wa mpango huu kwa maoni yangu ni kwamba kila jukwaa linakuja na jengo lake. Jiji halikuhitaji kumaliza ulinzi wote ndipo lianze kuuza. Swali la miaka hamsini ijayo, bahari ikizidi kupanda, linabaki wazi kwa Hamburg kama lilivyo wazi kwa kila mji wa bandari.

Na kelele za bandari ya ng'ambo?

Bandari inafanya kazi usiku kucha, na sheria ya Ujerumani ni kali kuhusu kelele vyumbani. Hofu ya wenye bandari ilikuwa kwamba wakazi wapya wangehamia, wakalala vibaya wiki mbili, kisha wakaenda mahakamani kuitaka bandari izime taa saa nne usiku.

Suluhisho lilikuwa la sheria na la fundi. Upande wa sheria, wenye nyumba wanakubali kuivumilia bandari na jambo hilo linaandikwa kwenye kumbukumbu za ardhi. Upande wa fundi, likabuniwa dirisha maalumu, ambalo hata likiachwa wazi kidogo ili hewa iingie, kelele chumbani hazizidi desibeli 30. Linajulikana kwa jina la mtaa wenyewe.

Udongo wa bandari si umejaa sumu?

Sehemu ulikuwa hivyo. Eneo la Großer Grasbrook, ndani ya HafenCity ya leo, lilikuwa na kiwanda cha gesi tangu miaka ya 1840, cha kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi ya taa, na mabaki yake ya lami yalikuwa yamezama ardhini. Yalichimbwa na kusafishwa. Zaidi ya hapo, bandari ilipigwa sana kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, na mengine hayakulipuka. Kwa hiyo kabla ya kuchimba msingi wowote wataalamu wa mabomu hukagua kwanza.

Ukumbi ule wa muziki uligharimu kiasi gani?

Elbphilharmonie iliwagharimu walipa kodi euro milioni 789. Wakati wanaahidiwa, fungu la jiji lilitajwa kuwa milioni 77. Ulitarajiwa kufunguliwa 2010, ukafunguliwa tarehe 11 Januari 2017.

Chini yake ni ghala la kakao, chai na tumbaku, Kaispeicher A, lililojengwa miaka ya 1960 kwa matofali mekundu juu ya nguzo 1,111 zilizopigwa ardhini. Wasanifu wa Uswisi Herzog & de Meuron waliamua kuuketisha mnara wa vioo juu ya ghala hilo. Nguzo hazikutosha kubeba uzito, zikaongezwa 650. Ndani ya ghala ukaachwa ukuta wa nje tu. Kazi ilianza wakati michoro haijakamilika, jiji likabadilisha matakwa yake katikati, mkandarasi na jiji wakaburuzana, ujenzi ukasimama zaidi ya mwaka mmoja, na ikabidi mkataba uandikwe upya mwaka 2013.

Kinachonishangaza ni kwamba jiji lile lile lililokuwa likimzuia mwekezaji kugusa kiwanja kabla michoro yake haijakamilika, lilianza jengo lake lenyewe bila michoro kamili. Hata hivyo watu wa Hamburg wameusamehe. Tiketi hugombewa, na jukwaa la wazi lililo mita 37 juu, kwenye kiungo cha matofali na vioo, hujaa watu wasiojua hata jina la mtunzi mmoja.

Ni mtaa wa matajiri?

Upande wa magharibi, uliojengwa kwanza, kwa sehemu kubwa ndiyo. Jiji lilitaka fedha za haraka na sifa, likauza kwa wanaoweza. Ushirika wa nyumba mmoja mmoja uliingia, lakini picha iliyojengeka ni ya vyumba vya bei mbaya vyenye taa zilizozimwa. Lawama zilikuwa nyingi. Mwaka 2009, wakati HafenCity inatangazwa kila mahali, wasanii waliyavamia majengo ya Gängeviertel, kitongoji chakavu cha katikati ya mji kilichokuwa kimeshauzwa kwa mwekezaji, wakidai mji usiwe wa wenye mifuko mizito pekee.

Kuanzia karibu 2010 kanuni ilibadilika: katika vitongoji vipya theluthi moja ya nyumba ziwe za ruzuku, zenye kodi ya chini kwa wenye vipato vinavyostahili. Ukitembea Baakenhafen leo utakuta nyumba za ruzuku, za ushirika na za kununua kwenye ua mmoja, watoto wakichezea mahali pamoja. Kwamba jiji liliweza kubadili kanuni katikati ya safari kunatokana na jambo moja: viwanja vya mashariki vilikuwa bado vyake. Lingekuwa limemuuzia mwendelezaji mmoja eneo zima mwaka 2000, lingebaki kuomba.

Shule ya msingi ipo, Katharinenschule, iliyofunguliwa 2009, na uwanja wake wa kuchezea uko juu ya paa. Chuo kikuu cha usanifu na mipango miji, HCU, kiko hapohapo ukingoni.

Majengo ya zamani yalibaki mangapi?

Machache. Vita na miaka ya baadaye vilikuwa vimekwisha kufagia mengi. Kaispeicher B, ghala la 1879, sasa ni makumbusho ya bahari. Utajiri halisi wa zamani uko jirani, Speicherstadt, safu za maghala ya matofali mekundu zilizojengwa kuanzia 1883 hadi 1927 ambazo tangu 2015 zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Humo kahawa, chai, viungo na mazulia yalikaa bila ushuru wa forodha mpaka yauzwe. Ili kuyajenga, jiji lilibomoa vitongoji viwili na kuwahamisha watu wapatao 20,000. Eneo hilo liliondolewa kwenye bandari huru mwaka 2003, bila hivyo mkazi wa HafenCity angepita forodhani kila anapotoka sokoni. Maghala hayo yako chini na maji huyafikia, kwa hiyo hayakugeuzwa makazi.

Usafiri ulifika kabla au baada ya watu?

Kwa upande wa mashariki, kabla. Treni ya chini ya ardhi, njia ya U4, ilianza mwaka 2012, na kituo cha Elbbrücken kilifunguliwa mwishoni mwa 2018 pakiwa bado uwanja wa vumbi. Watu walicheka kwamba treni inapeleka abiria porini. London ilijaribu njia ya pili: Canary Wharf, mtaa wa ofisi kwenye bandari yake ya zamani, ilijengwa kwanza, kampuni ya Olympia & York ikafilisika mwaka 1992, na reli ya Jubilee iliyokuwa ikihitajika ikafika 1999.

Upande wa mashariki maegesho yamebanwa makusudi yawe machache kuliko nusu ya idadi ya nyumba.

Je, historia mbaya ya eneo inatajwa, au imefunikwa kwa vioo?

Sehemu inatajwa vizuri. Katika bustani ya Lohsepark kuna kumbukumbu ya kituo cha treni cha Hannoverscher Bahnhof, ambako kati ya 1940 na 1945 zaidi ya Wayahudi, Wasinti na Waroma 8,000 walipakiwa kupelekwa kwenye mageto na kambi za mauaji. Kumbukumbu ilizinduliwa mwaka 2017. Majina yao yameandikwa, na mstari wa reli ya zamani umeachwa ukikata bustani.

Ya Afrika yanatajwa kwa sauti ya chini. Kutoka gati za Baakenhafen ndiko walikopakiwa askari waliopelekwa Namibia kuanzia 1904, katika vita iliyoishia kwenye mauaji ya kimbari ya Waherero na Wanama. Leo Baakenhafen ni kitongoji cha familia chenye bustani iliyoinuliwa majini. Kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyokuwa ikipita Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, ilianzishwa Hamburg mwaka 1890 kwa ruzuku ya serikali ya Ujerumani.

Kisha kuna majina. Kiwanja kimoja cha mapumziko, chenye watoto na mpira wa kikapu, kinaitwa Vasco-da-Gama-Platz. Msomaji wa Malindi na Mombasa anajua kwamba mwaka 1498 mtu huyo hakupokewa kwa furaha kila alipotia nanga, na wa Mogadishu anajua kwamba mwaka uliofuata aliupiga mji kwa mizinga. Waliochagua jina nadhani walifikiria ramani na merikebu tu.

Nini kimekwama?

Elbtower. Mnara wa mita 245 uliochorwa na ofisi ya David Chipperfield, ukatambulishwa mwaka 2018 na meya wa wakati ule Olaf Scholz, usimame mlangoni mwa mji upande wa mashariki. Mwenye mradi alikuwa kundi la Signa la Mwaustria René Benko. Mwaka 2023 Signa ilifilisika na kazi ikasimama mnara ukiwa na mita kama mia. Wenyeji, ambao hawana huruma, wakaubatiza “Olaf Mfupi”. Zege limekaa mbele ya macho ya kila anayeingia mjini kwa treni kutoka kusini.

Jambo la pili ni kituo kikubwa cha maduka cha Überseequartier kusini, chini ya jina la Westfield, ambacho kilifunguliwa Aprili 2025 baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Mwaka 2023 jukwaa la ujenzi liliporomoka ndani ya shimo la lifti na kuua wafanyakazi watano. Wenye maduka ya katikati ya mji wanalalamika kwamba kitawanyonya wateja. Linganisha miradi hii miwili na vitongoji vingine: kote viwanja vilikatwa vidogo, kila kimoja na mwenye wake, mmoja akianguka wengine wanaendelea. Hapa kipande kikubwa kilikabidhiwa mkono mmoja.

Dar es Salaam au Mombasa zinaweza kuiga?

Dar na Hamburg ni miji dada tangu 2010, kwa hiyo mlango wa kuuliza uko wazi. Yapo ya kuchukua. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na eneo la bandari lina mamlaka yake. Kwa karatasi, tuko karibu na Hamburg kuliko London. Utaratibu wa kushikiliwa kiwanja mpaka michoro ikamilike hauhitaji utajiri wa Ujerumani, unahitaji ofisi inayoweza kusema hapana na kunyang'anya kiwanja bila simu kupigwa kutoka juu.

Tofauti ni mbili. Kwanza, pale Hamburg walioondolewa walikuwa wapangaji wachache wenye mikataba. Kigamboni, mji mpya ulitangazwa ardhi ikiwa mikononi mwa maelfu ya watu wenye nyumba na mashamba, wakakaa miaka hawajui wajenge au wasijenge. Pili, kingo za bandari zetu si mahame. Feri, soko la samaki, majahazi, mama lishe, wabeba mizigo: eneo lililoonekana tupu kwenye mchoro lina watu wanaolitumia tangu alfajiri. Mpango utakaoanza kwa kuwahesabu hao utakuwa tofauti na wa Hamburg tangu ukurasa wa kwanza.

Wananchi wa Hamburg waliwahi kukataa chochote?

Ndiyo. Jiji lilitaka kuandaa Olimpiki ya 2024 na kujenga uwanja na kijiji cha wanamichezo ng'ambo ya HafenCity, Kleiner Grasbrook. Kura ya maoni ya Novemba 2015 ikaukataa mpango huo kwa asilimia 51.6. Wazo likafa siku hiyo.

HafenCity itakamilika lini?

Majengo ya mwisho yanatarajiwa mwanzoni mwa miaka ya 2030, na Elbtower ina kalenda yake. Kampuni ya umma haivunjwi: imeshakabidhiwa Grasbrook, palepale palipokataliwa Olimpiki, ijenge nyumba zipatazo 3,000 kwenye gati zilizokuwa za matunda na magari. U4 imepangwa kuvuka mto kuifuata.